Majitaka Yetu na Mto Ruaha Mdogo



Maji ya bomba yakichelewa kutoka, sote hulalamika. Yakishapita chooni hatuyaulizi tena, na ndiyo tuliyokuja kuyazungumza leo.

Tuuchukue mji wa Iringa kuwa mfano. Maji yake ya kunywa huchotwa katika Mto Ruaha Mdogo na kusafishwa Ndiuka. Majitaka ya nyumba zilizounganishwa na mtandao huteremka hadi kwenye mabwawa ya kutibia, kisha hurudi katika mto ule ule. Kutoka hapo mto hushuka Pawaga, ambako wakulima humwagilia mpunga, ukaungana na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera, penye wavuvi. Hao nao ni watumiaji wa maji, ijapokuwa mjini hawana dira wala ankara.

Katika mabwawa hayo kazi kubwa hufanywa na viumbe wasioonekana. Kwenye bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito hutuama na bakteria wasiohitaji hewa huumeng'enya. Katika yanayofuata, mwani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni, bakteria wengine huendeleza kazi, mayai ya minyoo huzama, na vimelea vingi hufa. Haya yote yahitaji siku nyingi, wala hayaharakishwi. Uchafu unaosalia hula oksijeni ya mto, nayo ndiyo pumzi ya samaki. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 2007 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za oksijeni hiyo kwa kila lita ya majitaka yanayotolewa.

Sasa, wapo wenye nyumba wanaoelekeza maji ya paa kwenye chemba ya majitaka. Mvua ikinyesha, mabomba hujaa, chemba hufurika barabarani, na wingi wa maji yafikayo bwawani huyasukuma nje majitaka kabla hayajatimiza siku zake. Wakati huo hata mabwawa yaliyojengwa vizuri hayafui dafu. Maji ya paa yaelekezwe kwenye tangi au mtaro wa mvua. Mafuta ya kukaangia, nepi, taulo za kike na matambara navyo visitupwe chooni wala sinkini, kwani huziba mabomba.

Wengi wetu, hata hivyo, tunatumia vyoo vya shimo na makaro. Gari la majitaka likija, mwulizeni mwenyewe atakwenda kumwaga wapi, na awaonyeshe kibali. Bei iliyo nafuu kupita kiasi huenda ni ya safari fupi, inayoishia korongoni usiku. Naye afunguaye karo lake mtaroni wakati wa mvua, akidhani yatachukuliwa tu, ameyamwaga mtoni.

Anayelipia huduma ya majitaka anastahili chemba inayofurika ishughulikiwe, na ajibiwe akiuliza maji yatokayo mabwawani yalipimwa lini na kuonyesha nini. Pelekeni malalamiko kwanza kwa mamlaka yenu ya maji, kwa maandishi, mkitaja mahali na tarehe, na mbaki na nakala. Msiporidhika, yapelekeni EWURA pamoja na nakala hiyo.