Habari za Mwaka wa Nne

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika sherehe za Chama Kikuu kutimiza miaka kumi)



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Desturi ya siku kama hii ni kuhesabu mafanikio: maghala, mizani, magunia. Hayo mtayasoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nayo yameandikwa vizuri na mwenzetu mhasibu, ambaye hesabu azijua kuliko sisi. Sisi twaomba ruhusa tusimulie habari za mwaka mmoja tu, mwaka wa nne, ambao wengi wetu katika Halmashauri tungependa usahauliwe.

Mwaka ule korosho zilizofika maghalani zilikuwa chache, hali mikorosho ilizaa vizuri. Kila mtu alijua zilikokwenda. Zilikwenda kwa kangomba. Kwa ajili ya wageni wetu waliotoka mbali, kangomba ni chombo ambacho mlanguzi hupimia korosho akakiita kilo, nacho hupokea zaidi ya kilo. Siku hizi jina hilo limekuwa la biashara nzima ya kununua korosho kwa siri, aghalabu kabla ya msimu, kwa bei ambayo muuzaji huona haya kuitaja. Halmashauri tulikasirika. Tulikuwa na deni la magunia na la usafiri, na tulitumaini kulilipa kwa ushuru wa korosho zizo hizo. Tukakaa kikao mpaka usiku, tukaandika orodha ya watu walioonekana wakiuza nje, ukurasa mmoja na nusu, ili vyama vya msingi viyafute majina yao. Mmoja wetu alisema kwamba tawi bovu hukatwa ili mti upone, nasi sote tukaitikia. Mfano mzuri ukipatikana, hukumu huwa nyepesi.

Kabla ya mkutano tuliwaita watu wale waje wajitetee, kama ilivyo haki. Wengi hawakuja. Alikuja bibi mmoja mjane, ambaye jina lake hatutalitaja ingawa yuko nasi hapa leo. Aliketi juu ya gunia tupu mlangoni mwa ghala, kwa kuwa viti vyote tulikuwa tumevikalia sisi. Tukamwuliza, "Mama, kwa nini umeuza kwa kangomba, nawe bei ya mnada waijua?" Akatujibu kwa upole, "Wanangu, mmeniuliza nimeuza kwa nani, na mmeniuliza kwa bei gani. Hapana aliyeniuliza nimeuza mwezi gani."

Tukanyamaza. Aliuza mwezi wa Februari. Mahindi yalikuwa bado machanga shambani, nyumbani hamna chakula, na mjukuu wake ana homa. Alichukua unga, akaahidi kulipa kwa korosho za Oktoba, ambazo wakati huo hazikuwa hata maua. Mwezi wa Juni akahitaji salfa ya kupulizia mikorosho yake isishikwe na ubwiriunga. Akaichukua kwa mtu yule yule, akaahidi tena. Mnada ulipofunguliwa hakuwa na kitu cha kutuletea. Mikorosho ilikuwa yake, korosho zilikuwa za mwingine. Chama chetu kilifungua milango mwezi wa Oktoba. Mlanguzi milango yake ilikuwa wazi mwaka mzima.

Ni vigumu kueleza lililotupata saa ile. Bibi yule hakutufundisha jambo geni. Kalenda ya korosho tuliijua tangu utoto, na hapana hata mmoja wetu ambaye nyumbani kwao hawakupata kuiogopa Februari. Lakini tangu tuchaguliwe tulikuwa tukiitazama korosho kuanzia mizani, wala si kuanzia ua. Tulikuwa tukitafuta wakosaji, kumbe kilichopotea kilikuwa miezi minane kati ya Februari na Oktoba, ambayo Chama hakikuwamo. Tulimwomba bibi radhi, tukampisha kiti, kwa kuchelewa. Orodha ile haikusomwa mkutanoni.

Baada ya siku chache, mwenzetu mmoja aliyepata kusoma ushirika huko Moshi alileta madaftari yake, akatusomea habari za mtu ambaye jina lake tulikuwa tukilisikia tu. Waanzilishi wa Rochdale, wale wa mwaka 1844 waliofungua duka lao kule Uingereza, husimuliwa kwetu kila mwaka. Huyu husahauliwa, labda kwa kuwa jina lake ni gumu kulitamka: Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Alizaliwa mwaka 1818 katika kijiji cha Hamm, kando ya mto Sieg, katika nchi ya Wajerumani. Ujanani aliingia jeshini, na huko akashikwa na ugonjwa wa macho. Mwaka 1843 ilimbidi aliache jeshi. Na mwaka 1845 akateuliwa kuwa meya wa Weyerbusch, yaani msimamizi wa vijiji kadhaa vya wakulima maskini.

Hakukaa sana ikaja njaa. Viazi vilikuwa vimeharibiwa na ugonjwa, nafaka nayo haikustawi, na baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847 iliwakuta watu hawana kitu. Serikali ilileta msaada wa nafaka, lakini kwa sharti kwamba iuzwe kwa fedha taslimu. Fedha taslimu ndiyo hasa watu hawakuwa nayo. Raiffeisen aliitoa kwa mkopo, akalibeba lawama. Kisha akawakusanya wenye nafasi watoe fedha, ikajengwa tanuri ya kijiji, mikate ikaokwa na kutolewa kwa bei nafuu hata kwa wale ambao wangelipa baadaye. Ndugu wanachama, mtu yeyote hapa ambaye amepata kuchukua unga wa Februari aijua thamani ya neno "baadaye".

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko aliwakuta wakulima mikononi mwa wakopeshaji, ambao humkopesha mtu ng'ombe leo na kesho wakamchukua pamoja na shamba. Akaanzisha chama cha matajiri sitini, waliokubali kuwa wadhamini kwa mali yao yote. Wakakopa fedha, wakanunua ng'ombe, wakulima wakalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Mwaka 1852 akahamia Heddesdorf, akaanzisha chama kingine cha namna hiyo hiyo, tena chenye kazi nyingi zaidi: watoto wasio na malezi, wafungwa waliofunguliwa, hata vitabu vya kusoma. Lilikuwa jambo jema lote, nalo lote lilitegemea wema wa watu wasiokopa wenyewe. Polepole matajiri wakachoka. Walibeba dhamana ya watu ambao hawakuwa wenzao, na wakopaji nao hawakuwa na neno chamani ila kushukuru.

Hapa ndipo tulipomwomba mwenzetu asome tena. Alikuwako mtu mwingine, Hermann Schulze-Delitzsch, mwanasheria aliyewaunganisha mafundi wa mijini, naye alikuwa akishikilia kwamba mwenye kusaidiwa sharti awe mwanachama na ajisaidie. Raiffeisen hakulipenda neno hilo. Aliamini kwamba upendo kwa jirani ndio msingi, na ya kwamba mwenye nacho ampe asiye nacho. Ilimchukua miaka, na kuvunjika moyo kwingi, mpaka mwaka 1864 alipokubali kukigeuza chama cha Heddesdorf kuwa chama cha kukopeshana. Tangu hapo kila mkopaji alikuwa mwanachama, na kila mwanachama mdhamini wa wenzake kwa yote aliyo nayo. Alitaka chama kiwe cha watu wanaojuana. Viongozi wafanye kazi bila mshahara, ila mshika hesabu. Na faida iwekwe akiba isiyogawanywa.

Wako wasemao kwamba mwanga ulimjia ghafula. Sisi, kwa hesabu yetu, twaona ulimjia kwa miaka kumi na saba, tangu mikate ya Weyerbusch. Labda mambo yote mawili ni kweli. Mtu aweza kulibeba jambo miaka mingi bila kulitazama, halafu akalitazama mara moja.

Wala siku zake hazikuwa nyepesi baada ya hapo. Mwaka 1863 mkewe Emilie alikuwa amefariki, akamwachia watoto. Mwaka 1865 alistaafishwa kwa sababu ya afya na macho, naye hajafika miaka hamsini. Pensheni ilikuwa ndogo, akajaribu biashara ya mvinyo ili nyumba iendeshwe. Mwaka 1866 kitabu chake juu ya vyama vya kukopeshana kilitolewa, na kwa miaka yake iliyobaki binti yake Amalie ndiye aliyekuwa macho yake, akimsomea na kumwandikia barua. Sisi twadhani binti huyo angestahili sanamu yake mwenyewe. Raiffeisen alikufa mwaka 1888, haoni karibu kabisa, na vyama vimeenea vijiji vingi. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa vina damu ya vile vya kwake, ingawa wengi wetu tulidhani vilianzia hapa hapa.

Basi tulifanya nini? Tulianza kwa uoga. Wazee walitukumbusha mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa, na miaka iliyopita hata sheria ya 1982 ikavirudisha, wakauliza, "Nani atatia senti yake katika mfuko wa chama tena?" Hatukuwa na jibu la kuwatuliza. Dhamana ya mali yote hatukuthubutu kuichukua. Tulichagua wadhamini wanne kwa kila mkopaji, watu wa kitongoji chake, na kila mwanachama aliyekubali akakatwa kidogo katika kila kilo wakati wa mnada, ili kiwepo kitu Februari. Vyama viwili vya msingi vilikataa. Kimoja bado kinakataa, na sababu zake tumezisikia, si za kipuuzi. Mwaka wa kwanza fedha ziliisha kabla ya mwezi Machi kwisha. Watu watatu hawakulipa, wadhamini wao wakalipa, na kwa msimu mzima majirani hao hawakusalimiana. Hatukuandika hayo katika taarifa ya mwaka, nalo lilikuwa kosa letu la pili.

Kangomba haijakwisha. Mwenye kutuambia imekwisha hajapita vijijini usiku. Lakini sasa mtu akiuza mapema twamwuliza mwezi gani, na mara nyingi jibu lake hutuonyesha mahali ambapo mfuko wetu haukufika.

Bibi yule aliyeketi juu ya gunia alichaguliwa katika kamati ya mikopo ya chama chake, naye yumo mpaka leo. Hasomi sana, lakini mashamba yote ya kitongoji ayajua mti kwa mti. Mwaka jana mmoja wetu, mjumbe wa Halmashauri hii, alipeleka ombi la mkopo wa salfa. Bibi akamwuliza ana mikorosho mingapi inayozaa. Mwenzetu akataja hesabu. Bibi akamwambia wangekwenda kuihesabu pamoja siku ya Jumamosi. Jumamosi mwenzetu alikuwa na udhuru, na Jumamosi iliyofuata pia. Na fomu yake, tulipoitazama juma lililopita, ilikuwa ingali juu ya meza ya kamati, haina sahihi.