Dizeli na Tanga katika Safari Ndefu: Tangi la Mafuta Tulilolisahau

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu na mafundi wa injini za dizeli, Eldoret



Nimeombwa nizungumzie injini ya dizeli na tanga katika safari ndefu za majini. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini mada ya bahari iletwe Eldoret, mji ulioko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Bomba la mafuta kutoka Mombasa limefika hapa tangu 1994, na malori yanayopakia dizeli kwenda Uganda hutengenezwa katika gereji za mji huu. Vijana tunaowafunza dizeli hapa huenda kutafuta kazi Kisumu, Mbita na Port Victoria, na wengine hufika Mombasa na Lamu. Injini kuukuu ya lori inayong'olewa hapa inaweza kuishia ndani ya mashua. Anayeifunga kwenye mashua hiyo ni mwanafunzi wetu.

Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu na si msimamo wa idara ninayoitumikia.

1. Fasili

Nitazipitia haraka. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila plagi. Rudolf Diesel alifanikisha injini yake mwaka 1897, na mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ikafunga safari hadi Bangkok kwa nguvu ya dizeli. Tanga la jahazi letu hufungwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa mlingotini kwa henza. Safari ndefu, kwa madhumuni ya mada hii, ni ile ambayo hitilafu ikitokea chombo hakiwezi kurudi bandarini siku hiyohiyo.

2. Upepo na hesabu ya mafuta

Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, kusi huanza mnamo Aprili hadi Septemba, na katikati kuna tanga mbili, upepo usiotabirika. Biashara ya karne nyingi kati ya Lamu, Mombasa, Unguja, Arabuni na India ilipangwa kwa kalenda hiyo. Aliyeidharau alilipa. Vasco da Gama alitoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 akiwa na rubani anayejua msimu, akafika pwani ya India kwa muda usiozidi wiki 4. Kurudi, aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba kabla kaskazi haijashika, akakaa baharini karibu miezi 3, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Bahari ni ileile na merikebu ni zilezile.

Kwa hiyo sipingi injini. Jahazi halipendi kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, na kubisha kutoka Lamu kwenda Mombasa wakati wa kusi, huku mkondo wa pwani nao ukisukuma kuelekea kaskazini, ni kazi ya kuwachosha mabaharia bure. Injini imewatoa watu kwenye shida hiyo. Imewawezesha kuwahisha samaki sokoni kabla barafu haijayeyuka, na kumfikisha mgonjwa hospitalini usiku usio na upepo. Ninachokataa ni ile imani kwamba mwenye injini hahitaji tanga.

Tuangalie hesabu. Injini ya nguvu-farasi 40 iliyo nzima, ikitumia nguvu zake zote, huchoma takriban lita 8 kwa saa. Mombasa hadi Lamu ni kama maili 130 za bahari. Kwa mwendo wa maili 6 na nusu kwa saa, hizo ni saa 20 na lita 160. Lakini nguvu inayohitajika kusukuma chombo haipandi sawa na mwendo. Hupanda takriban kwa kipeo cha tatu. Ukishuka kutoka maili 7 kwa saa hadi 5, unahitaji nguvu kama theluthi moja tu, na mafuta kwa kila maili hupungua kwa karibu nusu. Nahodha anayepandisha tanga na kuiacha injini izunguke polepole hupata mwendo wake kwa mafuta machache.

Wenye meli kubwa wameliona hilo. Mwaka 2023 meli ya mizigo Pyxis Ocean, yenye injini ya dizeli, ilifungwa matanga mawili yenye kimo cha mita 37.5, na kampuni iliyoikodi ikaripoti kuokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Wao wanarudisha tanga huku sisi tunakata milingoti.

3. Tangi

Hapa naomba mwenyekiti anivumilie, kwa kuwa hili ndilo jambo ambalo nimelipigania miaka mingi.

Injini za mashua zinazozimika safarini nilizoitwa kuzikagua, nyingi hazikuwa zimekufa. Pistoni nzima, krenki nzima, kompresheni ipo. Zilikosa mafuta ilhali tangi limejaa. Na karibu kila mara nahodha husimulia jambo moja: injini ilikwenda vizuri bandarini, ikaenda vizuri ndani ya mwamba wa matumbawe, ikazimika mawimbi yalipoanza. Watu husema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya hata kidogo.

Dizeli ni nyepesi kuliko maji. Maji yoyote yanayoingia hukaa chini ya tangi. Yanaingia kwa kifuniko kisichoziba, kwa dumu lililosuuzwa likajazwa kabla ya kukauka, na kwa unyevu wa hewa unaogeuka matone usiku ndani ya tangi lililoachwa nusu. Pale maji na dizeli vinapokutana, katika joto la pwani na la ziwa, huota vijidudu. Baada ya muda unapata utando mweusi unaoteleza kama uji. Chombo kikiwa gatini uchafu huo umetulia chini na mafuta ya juu ni safi. Kikitoka nje ya mwamba kikaanza kwenda mrama, maji, kutu na utando vinachanganyika na kuvutwa kwenye bomba. Filta inaziba, pampu inavuta hewa, injini inazimika. Kwa maneno mengine, tangi chafu huchagua kuizima injini saa ile ambayo chombo kinaihitaji zaidi.

Nilifungua filta ya mashua moja ya mizigo iliyovutwa hadi gatini. Karatasi ya filta ilikuwa imevimba na kushikana, na chini ya kikombe chake kulikuwa na maji ya kina cha vidole viwili. Tangi lilikuwa pipa lililolazwa ubavu. Bomba la kuvutia lilitokea sehemu ya chini kabisa, tundu la kumwagia uchafu halikuwepo, wala kizuizi ndani cha kutuliza mafuta. Fundi aliyeifunga alikuwa na cheti kizuri cha dizeli ya malori. Alifanya alichofundishwa. Lori likizimika, dereva huegesha pembeni, akatoa hewa kwenye mfumo, akaendelea. Mashua ikizimika, mawimbi huigeuza ubavu, na fundi anatakiwa kulegeza nati za pampu gizani, tumbo limechafuka, mikono imejaa mafuta, nao mwamba unasogea.

Nimeliandika jambo hili katika ripoti na kulisema vikaoni. Hujibiwa kwamba suala limepokelewa na linashughulikiwa. Naheshimu taratibu, na najua bajeti ni finyu. Lakini tundu la kumwagia maji tangini ni kipande cha bomba na koki. Halihitaji bajeti ya taifa.

Shida ya pili ya tangi ni uchakachuaji. Mwezi Septemba 2018 Kenya ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu yalikuwa yanachanganywa na dizeli. Walimu mnajua kwamba pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukitia mafuta ya taa, pampu inasagika. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, hupima mafuta kwenye vituo, lakini mashua hujazwa kwa madumu ufukweni, na dumu halina stakabadhi.

Sasa mlingoti. Injini ikishafungwa, mwenye chombo huona mlingoti unazuia mizigo. Kwanza tanga hubaki nyumbani, baadaye foromali huuzwa, mwishowe mlingoti hukatwa. Chombo kimebaki na tegemeo moja, nalo linategemea pipa lile nililolieleza. Kuna jambo ambalo manahodha wazee wa Lamu na Pemba wanalijua na mafundi hawaambiwi: tanga hukituliza chombo. Chombo chenye tanga hulalia upande mmoja na hakiyumbi sana. Kisipoyumba, uchafu wa tangini haukorogeki. Kwa hiyo tanga huilinda injini hata wakati injini ndiyo inayoendesha.

Niongeze la hapa Eldoret. Shinikizo la hewa mjini hapa ni kama asilimia 79 ya lile la baharini. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, hukosa hewa, hutoa moshi mweusi, na fundi huipunguzia mafuta kwenye pampu. Ni sahihi kwa hapa. Injini hiyohiyo ikipelekwa Ziwa Victoria, mita 1,134 hivi, au Mombasa, itakuwa dhaifu hadi pampu irekebishwe upya, na mwenye chombo asiyejua hilo hulaumu injini akanunua kubwa zaidi. Kubwa zaidi hunywa zaidi, na tangi ni lilelile.

Kwenye ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria kuna gugumaji pia, linaloziba njia ya maji ya kupozea. Nalitaja tu. Wenzetu wa Kisumu wanalijua kuliko mimi. Wavuvi wa huko bado wanapandisha matanga yao asubuhi na alasiri kwa pepo za nchi kavu na za ziwa, na tungefanya vyema kujifunza kwao kabla hawajaacha.

4. Mapendekezo

Somo la dizeli katika vyuo vyetu liwe na kipindi cha mfumo wa mafuta wa chombo cha majini, kifundishwe kwa vitendo.

Kila tangi la chombo liwe na tundu la kumwagia uchafu chini, bomba la kuvutia liinuliwe kutoka sakafuni, na ndani kuwe na kizuizi. Narudia: tundu la kumwagia.

Filta ziwe mbili zenye koki katikati, ili moja ibadilishwe huku nyingine inafanya kazi. Filta ya kwanza iwe na kikombe cha kioo, maji yaonekane.

Mafuta ya madumu yapitishwe kwenye kitambaa kizito au faneli yenye chujio, na sampuli iachwe usiku kucha ndani ya chupa angavu kabla ya safari. Asubuhi maji yatakuwa yamejitenga chini.

Tangi lijazwe jioni chombo kinapotia nanga, lisiachwe nusu.

Wakaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya waombwe, kwa heshima, watazame tangi kama wanavyotazama jaketi za kuokolea. Chombo cha mbao cha safari ndefu kisiruhusiwe kuondoka bila mlingoti, foromali na tanga linalopandishika. Tanga la dharura si lazima liwe kubwa. Linatosha likiweza kukigeuza chombo kutoka kwenye mwamba.

Injini inayouzwa kutoka nyanda za juu iandikwe kimo ambacho pampu yake ilipimwa.

Manahodha walipwe kuja kufundisha mafundi. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki chakavu, lilikwenda Unguja mwaka 2019, safari ya kilomita 500 hivi, na ujuzi uliolipeleka ni wa mafundi na mabaharia wa Lamu. Watu hao wapo, wanafikika.

Mwisho, tundu la kumwagia. Nimelirudia kwa kusudi. Rasimu ya kipindi cha mfumo wa mafuta nilichokipendekeza, pamoja na mchoro wa tangi wenye vipimo, nimemkabidhi katibu wa semina. Mchana tutafungua tangi la pipa hapo uani. Naomba kila chuo kitoe mwalimu mmoja atakayeshika spana.