Redio ya Gari Inapouliza Nambari ya Siri

(Mazungumzo ya fundi wa umeme wa magari katika kikao cha wakazi mjini Kipkelion)

 

Nimeombwa nieleze jambo linaloniletea magari mengi, hasa wakati wa baridi betri zinapochoka. Mtu anabadilisha betri, gari linawaka vizuri, lakini redio inakataa. Inaandika CODE. Mzee mmoja kutoka Chepseon aliniuliza kama hiyo ni kodi mpya ya kaunti. Tulicheka, ila alikuwa amekaa wiki mbili akipeleka majani chai bila kusikia habari za Kitwek njiani.

CODE ni nambari ya siri, aghalabu ya tarakimu 4 au 5. Kiwanda kiliiweka ili mwizi aking'oa redio isimfae. Umeme ukikatika, redio haijui kama ni wewe uliyebadilisha betri au ni mwizi aliyeing'oa. Inauliza tu.

Usibahatishe. Redio nyingi za Volkswagen, ukikosea mara 2, hujifunga na kuandika SAFE, na ni lazima uiache ikiwa imewashwa kwa takriban saa 1 ndipo ujaribu tena. Za Honda nyingi hukupa nafasi 10, kisha nazo hutaka usubiri.

Anza na kitabu cha gari. Tafuta kadi ndogo au stika, pia ndani ya droo ya dashibodi. Lakini magari yetu mengi yalitumika Japani kabla ya kushukia Mombasa, na kadi huenda ilibaki huko. Hapo unahitaji nambari ya utambulisho ya redio yenyewe. Kwenye baadhi ya Honda, zima redio, kisha bonyeza 1 na 6 kwa pamoja ukiiwasha, nayo itajionyesha. Kwingine fundi huitoa redio na kusoma stika iliyo kwenye bati lake.

Nambari hiyo upeleke kwa wakala wa gari lako pamoja na kitambulisho na logibuku. Hapa nina kidonda changu. Nilinunua pikapu, nikalipa, nikaendesha, sikubadilisha umiliki. Nilipokwenda kuomba nambari ya redio, niliulizwa: gari hili ni la nani? Logibuku ilikuwa bado na jina la aliyeniuzia, naye alishahama. Nilizunguka miezi 3. Sikuwalaumu, wangempa kila aombaye, mwizi naye angepata. Mabadiliko ya umiliki hufanywa NTSA kupitia eCitizen. Fanyeni mapema, redio au si redio.

Kuna Toyota za Japani zenye skrini. Nyingi hutegemea kadi ya SD yenye ramani. Vijana wetu huichomoa wakaitia nyimbo, halafu betri ikitolewa skrini inajifunga na kuongea Kijapani. Iacheni mahali pake. Ikishapotea, pigeni picha herufi na nambari zinazoandikwa kando ya ERC. Fundi anayefungua redio hizo huanzia hapo.

Kabla ya kulipa, jueni hili pia: FM ya Japani ni 76 hadi 95, yetu ni 88 hadi 108. Redio inaweza kufunguka na bado usipate stesheni nyingi. Itahitaji ekspanda, kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena. Mwulize fundi bei ya vyote viwili kwa pamoja.

Na akikupigia mtu akidai atakutumia nambari ya redio ukimpa nambari yako ya siri ya M-Pesa, kata simu. Nambari hizo mbili hazina undugu. Redio haijui pesa zako.

Siku ya kubadilisha betri, iwe na nambari mkononi kwanza, umeiandika nyumbani, si ndani ya gari. Sasa, wenye magari hapo nje, leteni funguo. Tuanze na ile pikapu iliyo karibu na lango.