Mafikira Huingia Mwilini

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya muuguzi mmoja wa Mombasa mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri.



 Wazee wangu, mama zetu, ndugu na dada zangu vijana, nawashukuru kwa kuja saa hii. Najua Alasiri ya Ramadhani kila mtu ana lake: kuna aliyeacha chungu mekoni, na kuna aliyeacha usingizi. Waliponialika walinitaka nizungumzie afya. Nikauliza, afya ipi? Wakasema, "Hizi stresi za vijana, na hizi presha za wazee." Nikawaambia hayo si mambo mawili, ni jambo moja, na nitaanza na nyumba yetu wenyewe.

Nina ndugu yangu mdogo, tumenyonya ziwa moja. Amenipa ruhusa niyaseme haya, ila jina lake silitaji, na anayemjua anyamaze. Alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja huku pwani ya kaskazini. Mwezi Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, wageni walirudi kwao, hoteli zikafungwa, naye akaambiwa aende nyumbani angoje. Mshahara hakuna. Wakati huo alikuwa akiishi Mji wa Kale, ghorofani, vyumba viwili, yeye na mkewe na watoto wanne pamoja na mamangu. Ramadhani ikaingia misikiti imefungwa, na kafyu ni kuanzia saa moja ya usiku. Kisha tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale wenyewe, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kutoka wala kuingia. Waliokuwamo wakumbuka.

Mimi nilikuwa upande wa Kisauni, kwa hivyo tukawa watu wa simu. Siku moja akaniambia, "Kaka, usiku silali. Moyo wanipiga kama ngoma. Tumbo lanisokota." Mimi, muuguzi wa miaka na miaka, unafikiri nilimjibu nini? Nilimwambia, "Shika swala, soma Qur'ani, punguza mafikira, utapoa." Nikakata simu nikaenda kufuturu. Sikumuuliza analala saa ngapi. Sikumuuliza anakula nini, wala anadaiwa na nani. Lau angekuja mgeni wodini na maneno kama hayo, ningemkalisha kitini, nimpime presha, nimuulize maswali kumi. Ndugu yangu nilimpa mawaidha.

Njia zilipofunguliwa mwezi Juni nilikwenda kumwona. Shati lilikuwa likimning'inia kana kwamba ni la mtu mwengine. Watoto wakimwita, haitiki. Mamangu alikuwa ameshaleta mtu wa kumsomea, na jirani ameshasema ni jicho la hasidi. Simkatazi mtu kusomewa Qur'ani, nami pia hujisomea. Lakini hakuna mtu, mimi wa kwanza, aliyekuwa amemuuliza mwili wake umepitia nini miezi ile mitatu.

Basi na tuulize sasa.

Juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka kitezi kidogo. Ukiona gari linakujia, kabla hujamaliza kufikiri, vitezi hivyo vishamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, ini linatoa sukari ili miguu ipate nguvu, na tumbo linaambiwa lingoje, si wakati wa kusaga chakula. Baadaye kidogo inafuata kemikali nyengine, kotisoli, ili nguvu zile zidumu. Hii ni neema, bila hiyo ungegongwa. Gari likishapita, mwili unatakiwa urudi mahali pake.

Tatizo ni kwamba mwili hautofautishi gari na barua ya mwenye nyumba. Kodi ya miezi mitatu haipiti kama gari. Inalala nawe na kuamka nawe. Vitezi vinaendelea kumwaga, leo, kesho, mwezi mzima, na yale yaliyowekwa kutuokoa kwa dakika chache yanaanza kutula. Usingizi unakimbia, sukari ya damu inapanda, kinga inalegea na mafua hayaishi. Presha iliyokuwa ikipanda na kushuka ikazoea kukaa juu. Ndiyo maana nikasema ni jambo moja.

Mtaalamu mmoja aitwaye Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada, aliandika juu ya hili mwaka 1936. Aliwasumbua panya kwa njia mbalimbali: baridi, majeraha, kuwachosha, kuwapa dawa kali. Alipowapasua aliwakuta na mambo yale yale matatu: vitezi vya juu ya figo vimevimba, tezi za kinga zimesinyaa, na tumboni mna vidonda. Njia za kuumizwa zilikuwa mbalimbali, lakini mwili ulijibu namna moja.

Hapa niweke jambo sawa, maana mitaani kila mwenye kiungulia husema "nina alsa za mafikira". Vidonda vya tumbo kwa binadamu, aghalabu chanzo chake ni kijidudu, au vidonge vya maumivu vinavyomezwa ovyo. Waliokigundua kijidudu hicho ni Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, na wakapewa Nobeli mwaka 2005. Mafikira huzidisha maumivu, lakini kijidudu chatibiwa kwa dawa. Usikae na tumbo miaka mitano ukilaumu mafikira.

Turudi Mji wa Kale. Ndugu yangu hakuwa na barua ya deni peke yake. Alikuwa na joto la Mei, watu saba vyumbani, kelele za watoto wasiokwenda skuli, na hana pa kutokea hata kunyoosha miguu. Wazee wetu walijua kwamba mahali hutibu na mahali huuguza. Tazama nyumba za kale za Lamu na hapa Mombasa: kuta nene za mawe, na nyingi zina kiwanda katikati ili hewa na mwangaza viingie. Kule Aleppo, nchini Syria, mwaka 1354 ilijengwa hospitali iitwayo Bimaristan Arghun, ambayo wagonjwa wa akili walikaa humo kuzunguka nyua zenye maji ya chemchemi, ili wasikie sauti ya maji. Na kabla ya hapo sana, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Khurasan aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Sehemu moja ni ya mwili: nyumba, maji, chakula, usingizi. Sehemu ya pili ni ya nafsi: hasira, hofu, huzuni, wasiwasi. Alieleza kwamba kimoja kikiugua huvuta chenzake. Pia alitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile inayomjia mtu bila kujua imetoka wapi. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na sisi leo mtu akisema ana huzuni asiyoijua sababu tunamwambia hana shukrani.

Na hapa ndipo ninapotaka vijana mnisikilize, na wazazi zaidi. Neno linalowauma wagonjwa kuliko ugonjwa ni lile la "imani yako ni dhaifu". Nabii Yaqub (A.S.) katika Suratu Yusuf alimlilia mwanawe mpaka macho yakafanya weupe kwa huzuni. Huyo ni nabii, na huzuni iliingia mwilini mwake. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib karibu karibu, na wanahistoria wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Sasa wewe na mimi ni nani hata tumwambie kijana aliyepoteza kazi kwamba hatakiwi kuhuzunika?

Siku chache baada ya mimi kumwona, mamangu alinipigia simu usiku akilia. Mwanawe amemwambia amechoka kuishi. Kafyu bado ipo, siwezi kutoka. Nikamwomba ampe simu, nikakaa naye mpaka saa kumi ya alfajiri. Safari hii sikumpa mawaidha. Nilimuuliza tu, akasema, nikasikiliza. Kafyu ilipoisha nikatoka.

Asubuhi ile jamaa mmoja akashauri tusiyataje maneno yale hospitali, eti atashikwa na polisi. Hakuwa akibuni. Sheria ya Kenya, kifungu cha 226, ilikuwa ikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Kusema tu kwamba umechoka halikuwa kosa, lakini hofu haichambui sheria, na wangapi walinyamaza kwa ajili yake! Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Kwa hivyo wazazi, msiogope kulitaja neno hilo mbele ya daktari. Wala kumuuliza mwanao waziwazi, "Je, wafikiria kujidhuru?" hakumtii wazo kichwani. Humpa mlango wa kutokea. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mwende hospitali siku ile ile.

Tulikwenda. Daktari alimpima damu na presha kwanza, kwa sababu kuna magonjwa ya mwili yanayojifanya mafikira, kama tezi ya shingo ikizidi kazi. Kisha akamwandikia vidonge, akamwambia asitarajie kitu wiki ya kwanza, vyachukua wiki mbili mpaka nne hivi kuanza kuonekana, na asiviache siku atakayojihisi mzima. Akampa siku za kuja kuzungumza. Mamangu alikuwa na hofu ya jina tu. Mwajua hapa Mombasa ukitaja Port Reitz watu hucheka, kana kwamba hospitali hiyo haitibu malaria na haizalishi kina mama. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa akila na kulala. Leo ana tuktuk yake, na mwaka jana ndiye aliyenikumbusha mimi nikapimwe.

Mimi kupimwa! Naam. Nilikuwa nikipima watu kila siku, na mwenyewe sijafunga ule mkanda mkononi miaka miwili. Nikakuta 160 juu ya 100, na sihisi chochote. Presha ikifika 140 juu ya 90 na kurudia hivyo siku nyengine, hiyo ni ya kushughulikiwa, hata kama unacheza mpira.

Sasa Ramadhani yetu. Tungetaka kuupumzisha mwili, mwezi ndio huu. Lakini tuseme ukweli jinsi tunavyouishi. Twafuturu kwa sharbati ya sukari, kaimati za shira, viazi karai na bajia za mafuta, kisha biriani juu yake. Twaswali Tarawehe tumbo likiwa gumu. Baada ya hapo ni baraza: kahawa chungu, keram, simu, mpaka daku. Kahawa uliyokunywa saa nne ya usiku, nusu yake bado imo mwilini saa tisa. Alfajiri twaswali, twalala saa moja au mbili, kazini twaenda na macho mekundu na hasira za kumpigia kelele kondakta. Kisha twasema saumu ndiyo inayotufanya wakali. Masikini saumu, yasingiziwa.

Na kuna wale wanaotafuna muguka usiku kucha, kwa kuwa mchana hawawezi. Sitaki kuingia katika siasa zake. Mwajua gavana wetu aliupiga marufuku mwezi Mei 2024 na mambo yakaenda mahakamani. Mimi nasema la mwili. Kilichomo ndani ya jani lile ni ndugu wa karibu wa adrenalini: kinaupigia mwili king'ora wakati hakuna hatari. Kikiisha, mtu huanguka, huwa mzito, mwenye huzuni, na dawa anayoijua ni kutafuna tena. Kijana aliyekuwa na mafikira kidogo huishia na mafikira mengi.

Sisemi mwache kaimati, mamangu atanifukuza. Futuruni kwa tende na maji, mswali Magharibi, kisha mle. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na achari. Baada ya Tarawehe mtu alale, aamke kwa daku. Na ile kailula ya mchana, usingizi mfupi, ni sunna tuliyoiachia wazee peke yao. Jioni kabla ya adhana tembeeni, hata mpaka Lighthouse mpigwe na upepo wa bahari, simu iache nyumbani.

Wenye dawa za presha, sukari, kifafa au za akili, tafadhalini msizikate wala kubadilisha saa kwa shauri la jirani. Nendeni kwa daktari kabla mwezi haujasonga. Zipo zinazoweza kupangwa futari na daku, na zipo ambazo mtu akikosa maji ya kutosha humgeuka. Daktari akikwambia ule, basi ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, muulizeni sheikh wenu hapa.

Naona bilali ananitazama. Mashine mbili za presha ziko pale nyuma, wanaume kwa mlango wa kulia, kina mama nyuma ya pazia na dada muuguzi. Kupima hakufunguzi saumu. Na aliye na neno la faragha, mimi nitakuwa kwenye ngazi mpaka Magharibi, tende ninazo, tutafuturu pamoja.