Kaye yetu ya mikopo na masomo ya informatiki
(Maneno ya komite mbele ya wanamemba, Mikelenge)



Tuanze na ile haya ya kaye ya mikopo. Mama mmoja mchuuzi wa mchele aliandikwa mara tatu: kwa jina la baba yake, la bwana yake, na la mtoto wake wa kwanza. Alilipa deni lote, lakini kaye ikasema watu wawili hawajalipa. Tukamwita mbele ya watu. Kosa lilikuwa letu, na tulimuomba radhi.

Kisha wengi wakasema: tununue ordinatere. Sisi komite tunasema bado. Ordinatere ingeandika makosa yale yale, mbio zaidi. Tunakosa mtu anayejua kupanga: kila mwanamemba na namba yake moja, hata jina likibadilika, mikopo mahali pake, malipo mahali pake, vyote vifuate ile namba, na kila malipo yaandikwe kama ni franka ao dola, na bei ya dola siku ile. Kazi hiyo ndiyo informatiki ya usimamizi.

Tuko na vijana wawili wenye licence, mmoja ya biashara, mwingine ya ualimu. Wanaogopa, juu hawakusoma informatiki. Njia iko. Kule Uingereza kuna master ya mwaka mmoja inayopokea watu wa fani zingine kabisa. Kwetu, katika mpango wa LMD, licence ni miaka 3, kredi 180; master miaka 2, kredi 120; na mwenye kutoka fani ingine anaweza kuombwa kwanza masomo ya kujaza.

Yule wa biashara anajua tayari hesabu za SYSCOHADA, zilizotufikia kisha nchi yetu kuingia OHADA mwaka 2012. Yule wa ualimu anajua kuuliza, na nusu ya kazi hii ni kukaa na mtunza makuta na kumuuliza: unaandika nini kwanza, nani anakubali, nani anahakikisha? Tena alisomea Uganda. Hapa walimcheka juu ya Kifaransa chake, lakini vitabu vingi vya kazi hiyo viko kwa Kiingereza.

Basi tunaomba makuta ya ordinatere yalipe minervale ya masomo ya kujaza, kijana mmoja kwanza. Mtatuuliza: akimaliza, si atakimbilia Kinshasa? Inawezekana, hatutamfunga kamba. Tunamuomba tu afundishe wawili wengine mbele ya kuondoka. Na kaye ya karatasi inabaki, umeme mnaujua wenyewe.

Kura ni Jumamosi, kisha mukutano. Yule mama wa mchele amekubali kukaa kwenye meza ya kuhesabu.