Sukari ya Zabibu Haikisiwi, Hupimwa



Mkulima wa zabibu wa Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hufurahi mizani inapoonyesha uzito mkubwa. Lakini ndani ya kila tunda mna mali ambayo mizani haiioni, nayo ni sukari. Bila sukari ya kutosha hapana mvinyo wa kufaa.

Zabibu zikisha kukamuliwa, hamira huila sukari na kuigeuza kuwa vitu viwili: kileo na gesi ya kabonidayoksaidi. Kwa hesabu ya kikemia, gramu 180 za sukari hutoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za gesi. Katika kazi halisi kileo hupungua kidogo, kwa sababu hamira nayo hujilisha ili ikue. Hivyo huhitajika kama gramu 17 za sukari katika lita moja ili kupata asilimia 1 ya kileo. Maji ya zabibu yenye gramu 204 kwa lita yatatoa mvinyo wa asilimia 12. Yenye gramu 153 yatatoa wa asilimia 9 tu.

Katika mvinyo wa kawaida, gesi huachwa itoke. Nayo ni nzito kuliko hewa, hutuama mahali pa chini, na huua kimya kimya. Kwa hiyo mtu asiingie peke yake katika chumba au shimo la kuchachushia kabla halijapitishwa hewa safi.

Katika mvinyo wa mapovu, gesi hufungiwa. Kule Champagne, Ufaransa, mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa tena sukari, kama gramu 24 kwa lita, pamoja na hamira, kisha chupa huzibwa. Gesi inayozaliwa humo hufikia mkandamizo wa takriban mara sita ya ule wa hewa. Zamani watengenezaji walikisia sukari hiyo, na chupa nyingi zilipasuka ghalani. Katika miaka ya 1830 mfamasia François, wa mji wa Châlons, alionyesha namna ya kupima kwanza sukari iliyobaki katika mvinyo, ndipo iongezwe inayopungua. Hasara ile ikapungua sana.

Funzo hilo lavihusu vyama vyetu. Mwanachama anayevuna zabibu mbichi ili awahi fedha hudhoofisha mvinyo wa wenzake wote, kwa kuwa maji ya zabibu huchanganywa katika tangi moja. Naye aliyesubiri zikaiva hudhulumiwa iwapo mizigo yote yahesabiwa sawa. Yafaa basi katibu apime sukari ya kila mzigo mbele ya mwenye mali, aiandike kando ya uzito, na mwanachama apewe stakabadhi yenye tarakimu zote mbili.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.