Mazungumzo Baada ya Habari: Kaboni Iliyomo Moyoni

Askari wa zamu apitaye mashambani Rwimbogo, wilayani Rusizi, baada ya mvua, huona jambo ambalo wengi hawalijali. Juu ya jani la gimbi tone la maji husimama kama shanga, kisha huteleza. Juu ya jiwe tone lilo hilo hutandaa na kulowanisha. Tofauti hiyo, baina ya uso unaokubali kulowana na uso unaokataa, ina uzito wake pia kwa Wanyarwanda ambao mioyo yao hutegemea vali za kaboni.

Chanzo cha haja hiyo kinajulikana. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa huweza kumletea mtoto homa ya baridi yabisi, nayo homa hiyo ikirudiarudia huacha makovu katika vali za moyo, zisifunguke wala kufunga sawasawa. Tangu mwaka 2008 madaktari wa shirika la Team Heart kutoka Marekani wamekuwa wakisafiri hadi Kigali kuwapasua wagonjwa wa namna hiyo katika Hospitali ya King Faisal. Mgonjwa kijana mara nyingi huwekewa vali ya kaboni, kwa kuwa ile itokanayo na mnyama huchakaa upesi katika mwili wa kijana.

Kaboni hiyo si makaa ya jikoni. Ilitokana na utafiti wa kufunika chembe za urani kwa ajili ya vinu vya nyuklia, na mtaalamu wake, Jack Bokros, alishirikiana na daktari mpasuaji Vincent Gott katika miaka ya 1960. Gesi yenye kaboni hupashwa moto uzidio nyuzi 1,000, kaboni ikajijenga kama utando juu ya kipande cha grafiti. Damu iliuvumilia utando huo kuliko ilivyovumilia vitu vingi vilivyotangulia. Lakini vali hufunguka na kufunga mara laki moja kwa siku, na utando ulihitaji ugumu zaidi. Ikatiwa silikoni, asilimia chache tu ya uzito.

Hapo ndipo penye mvutano. Silikoni ilitiwa kwa ajili ya ugumu, wala si kwa ajili ya damu. Bokros huyo huyo alirudi baadaye kutafuta kaboni tupu iliyo imara peke yake, na vali ya kwanza ya aina hiyo iliwekwa mwaka 1996. Si kila mtaalamu hukubali kuondoa kilichokwisha kumpatia sifa.

Katika tando nyembamba za kaboni ifananayo na almasi, zinazojaribiwa kwa vifaa vinavyowekwa mwilini, mambo ni yale yale. Florini ikiongezwa, tone la maji hujikusanya kama juu ya jani la gimbi. Oksijeni ikiongezwa usoni, maji hutandaa, na mara nyingi chembe hai za mwili hupata pa kushika. Madini ya fedha huua bakteria, lakini yakizidi hudhuru chembe za mwili wenyewe. Basi asemaye kwamba uso unaokataa maji ndio bora aulizwe: bora kwa vali, au kwa mfupa? Mfupa hutakiwa kushikamana na kifaa. Vali haitakiwi kushikwa na chochote.

Hata hivyo, hakuna vali ya kaboni iliyokwisha kuishinda damu. Mwenye nayo humeza warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Akiiacha dawa, damu huweza kuganda kwenye vali, akiizidisha, huvuja. Kwa mkazi wa Rwimbogo, hospitali iliyompasua iko zaidi ya kilomita 200, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe.

Jeshi nalo limo katika habari hii. Karibu na mwaka 1950, katika kambi ya Warren, jimbo la Wyoming nchini Marekani, askari waliougua koo walidungwa penisilini, na homa ya baridi yabisi ikawa haba sana kwao kuliko kwa wenzao wasiodungwa. Kambi, kwa jinsi watu wanavyolala karibu karibu, ni nyumba ya ugonjwa huo. Askari ambaye mtoto wake nyumbani analalamika koo na homa hana muda mrefu wa kumfikisha kituo cha afya: penisilini huweza bado kuizuia homa hiyo ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma.